Gari dogo la Naivasha: Mteremko mbele, ziwa nyuma

MTAA wa Kihoto umekaa bondeni, kati ya mji wa Naivasha na ziwa lenyewe, katika Kaunti ya Nakuru. Mwenye gari anayeishi hapo ana mambo mawili ya kumkosesha usingizi. Nyuma ya nyumba kuna ziwa ambalo mito ya Malewa na Gilgil huingia, lakini hakuna mto unaotoka. Mnamo 2020, na tena 2025, maji yalipanda hadi yakaingia nyumbani na wakazi wengi wakahama. Mbele yake kuna safari ya Nairobi, ambayo haina budi kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa, na gari lililopanda asubuhi sharti literemke jioni.

Tuanze na mteremko, kwa kuwa ndio unaoua zaidi.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto, wala hazina kazi nyingine. Gari la kilo 1,200 likishuka mita 500 kwa breki pekee, joto linalozalishwa latosha kuchemsha takriban lita 17 za maji baridi. Joto hilo lote hubebwa na diski na pedi chache, na pedi zikizidiwa hupoteza mshiko. Hatari nyingine imo katika mafuta ya breki, ambayo yana tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka yakifikia nyuzijoto 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yanapochemka hutoa mvuke, nao mvuke hubanika kama hewa. Dereva hukanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni, na gari likaendelea kama kwamba hakuna lililotokea.

Ndiyo sababu watengenezaji wengi hupendekeza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari limesafiri kidogo. Ni kazi ya saa moja kwa fundi na gharama yake ni ndogo, ilhali ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mwenye gari hukumbuka oili ya injini kwa sababu ameandikiwa kibandiko. Mafuta ya breki hayana wa kuyatetea.

Dawa ya mteremko ni gia. Kanuni ya wazee wa usukani ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungetumia kupanda, na kuiingiza kabla mteremko haujaanza. Gari lisilo na clachi lina nafasi za 2 na L, au S, na baadhi ya magari yanayotumia petroli na umeme yana B. Zimewekwa kwa kazi hiyo hasa. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachiliwe ipoe, badala ya kuigusa-gusa njia nzima. Kukisikika harufu ya kuungua au pedali ikilegea, teremsha gia, tafuta mahali salama pa kusimama, na usubiri. Usimwagie diski maji, kwani chuma chenye moto huweza kupinda au kupasuka.

Kuteremka kwa nyutro ili kuokoa petroli ni ujinga unaojifanya ubahili. Magari mengi ya siku hizi yenye kompyuta hukata petroli kabisa yanaposhuka yakiwa ndani ya gia, hivyo hakuna kinachookolewa. Kuzima injini ni kubaya zaidi: baada ya kukanyaga mara mbili tatu breki huwa nzito kama jiwe, usukani nao hukaza, na ukichomoa ufunguo waweza kujifunga.

Hata mwenye kutunza gari lake vyema hashuki peke yake. Barabara ya chini, ipitayo Mai Mahiu, ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambao waliacha kanisa dogo kando yake. Malori ya enzi hiyo yalitambaa. Ya leo huja kwa kasi. Desemba 10, 2016, huko Karai, karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali lilipoteza mwelekeo, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walifariki. Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, lori jingine liliwavamia wafanyabiashara na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafa. Dereva wa gari dogo hawezi kuzitengeneza breki za lori, lakini anaweza kutazama kioo kabla ya kupunguza mwendo kwenye matuta, kuacha nafasi ya kukwepa mbele yake anaposimama kwenye foleni, na kutoegesha chini ya mteremko eti ananunua viazi. Na lori la mafuta likianguka, aondoke. Mwishoni mwa Januari 2009, huko Sachangwan, zaidi ya watu 100 waliangamia baada ya mafuta yaliyomwagika kushika moto wakati umati ukiyachota.

Kuhusu mwendo, sheria huruhusu gari la kibinafsi kwenda kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu na 50 mijini. Hiyo ni mipaka, si shabaha. Gari lililo katika 100 lina nguvu ya mwendo inayozidi ile ya gari lililo katika 80 kwa zaidi ya nusu. Mikanda ya usalama ilianza kutiliwa mkazo 2004, chini ya kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, na yamhusu aliyeketi nyuma vilevile. Asiyeifunga humrukia aliye mbele.

Sasa maji. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zaweza kuliinua gari dogo, na 60 hubeba magari mengi. Aprili 29, 2024, mkondo ulioporomoka usiku karibu na Mai Mahiu ulisomba nyumba, magari na watu, na makumi wakafa. Kwa hivyo barabara ikifunikwa na maji yanayotembea, geuza gari.

Maji ya Kihoto ni ya namna nyingine: hupanda polepole, hutulia, na huharibu bila kelele. Gari lililozama lisiwashwe hata kwa majaribio. Maji hayabanwi, yakiwa yameingia kwenye silinda, pistoni hugonga ukuta na fito zake kupinda, na hitilafu iliyohitaji kukaushwa yageuka kuwa injini mpya. Kwanza ondoa waya za betri, livute gari hadi pakavu, kisha fundi akague kichujio cha hewa, achomoe plagi na kupima oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Mafuta ya giaboksi na ya breki nayo yamwagwe, na beringi za magurudumu zifunguliwe. Waya na kompyuta iliyo chini ya zulia huenda zikaanza kusumbua miezi baadaye. Bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi ndiyo waliyo nayo, haigusi hasara hii.

Magari ya aina hiyo huoshwa, hutiwa marashi na kuuzwa mji mwingine. Mnunuzi avute mkanda wa usalama hadi mwisho atafute alama ya matope, ainue zulia, na achunguze shimo la gurudumu la akiba pamoja na reli za viti kama zina kutu. Harufu kali ya marashi nayo ni ushahidi.

Magurudumu yapimwe upepo yakiwa baridi, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Tarakimu nne ubavuni hueleza umri: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Magari kutoka Japani mara nyingine huja na matairi laini ya theluji, ambayo huchakaa upesi kwenye lami yenye joto.

Rejeta yataka maji maalumu na kifuniko kizima. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na maji ya wazi huchemka hapo kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Ni shinikizo la kifuniko linalozuia yasichemke mapema. Usikifungue kikiwa cha moto. Vumbi jepesi la ardhi ya volkeno nalo huziba kichujio cha hewa kabla ya muda ulioandikwa kitabuni.

Kwenye ukungu wa Kimende na Magina, washa taa za chini. Zile kali hurudisha mwanga machoni mwa dereva mwenyewe. Na usiku, katika barabara ya Moi kusini mwa ziwa, viboko hutoka kula nyasi. Rangi yao ni ya giza, na gari dogo likimgonga mmoja, kiboko huanguka upande wa dereva kama wa abiria.