Mjomba na Jiwe Lake la Kirumba

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Kirumba, hapa Mwanza. Pale mwaloni alikuwa na jiwe lake alilolitia alama kwa rangi, na kila mara alituambia: "Asubuhi maji yalikuwa hapa. Sasa mchana yameshuka kiganja kizima, na hakuna aliyeyachota." Mimi, kidato cha tatu wakati ule, nilimcheka mbele za watu. Nikasema bahari ndiyo hupwa na kujaa, ziwa halina mambo hayo. Watu wakanishangilia. Naye akanyamaza, akaendelea kushona nyavu.

Shuleni tulionyeshwa mawimbi yasiyosafiri kwa kamba iliyofungwa mlangoni. Ukiitikisa kwa kasi inayofaa, wimbi linalokwenda hukutana na linalorudi. Kamba ikawa pengine inaruka juu na chini, pengine imetulia tuli. Mjerumani Franz Melde alilionyesha jambo hili kwa uzi mwaka 1859. Mimi nilikariri, nikapasi, nikasahau.

Hebu, ndugu msomaji, chukua beseni la maji, linyanyue upande mmoja kidogo, kisha lirudishe chini. Maji yatapanda huku na kushuka kule, halafu kinyume chake, na pale katikati hayapandi wala hayashuki. Ni kamba ileile!

Huko Uswisi, François-Alphonse Forel alianza mwaka 1869 kuchunguza ziwa la Geneva, ambalo maji yake hupanda na kushuka hivyo kila baada ya dakika 73 hivi. Lakini jina la jambo lenyewe, seiche, hakulibuni yeye. Wenyeji wa ufukweni walikuwa nalo zamani. Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba, na moyo ukaniuma.

Kanuni ilikuwapo tangu 1828, ya Merian wa Basel: urefu wa ziwa mara mbili, gawanya kwa kasi ya wimbi katika kina chake. Ziwa Victoria lina urefu wa kilomita 337 hivi na kina cha wastani cha mita 40, na katika kina hicho wimbi huenda karibu mita 20 kwa sekunde. Nikapata muda wa saa tisa na nusu. Kutoka kujaa hadi kupwa, basi, karibu saa tano: asubuhi hadi mchana. Kweli, ziwa letu si beseni, lina ghuba na visiwa, na upepo nao una kazi yake. Lakini mwaka 1957 G. R. Fish (usicheke, jina hilo maana yake samaki), wa kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, alichapisha habari za mwendo wa namna hii ndani ya Ziwa Victoria. Hata maji mazito ya chini huyumba bila sisi kuyaona, na yale yasiyo na hewa ya kutosha yakipanda, samaki hufa.

Mjomba alikuwa amekwisha kufa. Nilimpelekea mkewe karatasi yangu ya hesabu.

"Kwa hiyo hakuwa mwongo?"

"Hakuwa, mama."

Akaniambia niende nikawaambie wale walioshangilia. Wengi wao wamehamia Ukerewe.