Nafsi ya Kwanza: Vita na Ukoloni katika Maandishi ya Kiswahili ya Mwanzo wa Karne ya Ishirini

Neno nafsi lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwa mwanasarufi ni mtu asemaye, asemezwaye au asemwaye. Kwa watu wote ni ule undani wa mtu ambao yeye peke yake ndiye aujuaye. Wataalamu walioichunguza fasihi ya mwanzo wa karne ya ishirini wameitafuta maana hii ya pili hasa katika riwaya za Ulaya, wakasema kwamba Vita Kuu ya 1914-1918 ndiyo iliyomlazimisha mtu ajitazame. Na kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na riwaya za namna hiyo, ni rahisi kudhani kwamba nafsi ya kisasa haikuwamo katika maandishi yake kabla ya Shaaban Robert. Dhana hiyo haina msingi imara. Nafsi hiyo ilikuwamo, ila yapasa itafutwe kwanza katika sarufi: ni nani ajiitaye mimi, na ni mahali gani katika maandishi anapojiita hivyo.

Utenzi ndio wa kutangulia. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, wahusu vita vya pwani ambavyo ndani yake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Maji Maji, vita vya 1905 hata 1907. Allen aliutoa wa kwanza pamoja na tafsiri yake mwaka 1955, na Whiteley wa pili mwaka 1957. Kwa desturi ya utenzi, mtunzi hujitaja mlangoni, aombapo baraka na zana za kuandikia, kisha akajitaja tena atokapo, alipapo jina lake na nasaba yake. Katikati huwaachia uwanja wengine: maliwali, askari, majumbe, mizinga. Isidhaniwe kwamba hana rai. Abdul Karim aliishi katika mji uliokuwa chini ya Wadachi, na kila anapowalaumu walioasi, msomaji hana budi kujiuliza kama hiyo ni imani yake au ni hadhari. Lakini swali hilo latoka kwa msomaji. Utenzi wenyewe haukuwekewa mahali pa kulijibu.

Mimi aliingia katikati ya mambo kwa njia ya nathari, na hasa nathari ya safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli. Humo Selim bin Abakari asimulia jinsi alivyofuatana na bwana wake Mdachi hata Urusi na Siberia mwaka 1896. Hapa asemaye ndiye aonaye, na Ulaya ndiyo itazamwayo. Ni kweli kwamba safari yenyewe ilikuwa ya mtumishi, na kalamu ilishikwa kwa kuombwa na Mzungu. Hata hivyo macho hayakuazimwa.

Habari ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ni nzito zaidi. Mtu huyu wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, naye ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Velten mwaka 1903. Sasa kitabu cha desturi, kwa tabia yake, hupenda umbo la hu-: watu hufanya hivi, huoza hivi, huzika hivi. Wanasarufi wajua kwamba hu- hukataa kiambishi cha nafsi. Mimi, wewe na yeye wote huvikwa vazi moja. Basi mtu aliyekuwa akiishi maisha ambayo hakuna desturi iliyoyatangulia ndiye aliyepewa kazi ya kuandika yale yasiyo na mwenyewe. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kidachi. Mwaka 1905, mwaka ule ule wa kuanza kwa Maji Maji, alijaribu kurudi naye Afrika Mashariki, na wenye mamlaka wakakataa mkewe asishuke. Akarejea Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Desturi za Wasuaheli hazina mlango wa mambo hayo, wala hazikuweza kuwa nao, kwani kitabu kilikuwa kimekwisha chapwa. Lakini atakaye kujua ukoloni ulimfanya nini mtu mmoja, na ausome mwendo wa hu- katika kitabu hicho akimkumbuka mwandishi wake.

Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani. Vita vya 1914 vilimkuta katika nchi ya Wadachi, wakamtia kifungoni. Ni mwaka 1916 alipofunguliwa. Baadaye alikuwa karani mkubwa Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Aliandika habari zake mara mbili, na kila mara kwa nafsi nyingine. Kwa Kiingereza, katika mkusanyo alioutoa Margery Perham mwaka 1936, ni hadithi ya mtu mmoja kwa jina lake. Kwa Kiswahili, mwaka 1932, kitabu kiliitwa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza: tu-, si ni-. Kweli waliokwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi walikuwa watatu, yeye na Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba. Lakini hesabu hiyo haitoshi kuwa sababu. Msomaji wa Kiingereza alitaka kuonyeshwa Mwafrika mmoja. Wasomaji wa Kiswahili walipelekewa taarifa na wajumbe wao.

Wako pia wasioandika. Wapagazi wa vita vile, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara zaidi ya risasi, hawakuacha kitabu. Waliacha jina la kikosi chao, ambalo mpaka leo ni jina la soko, Kariakoo. Nafsi zao zimo katika nyimbo na masimulizi, na historia ya fasihi itakayohesabu vilivyochapwa tu itawapita.

Maisha Yangu ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1949. Mwandishi ni mtumishi wa serikali ya kikoloni, afisi na uhamisho vimo, na kifo cha mkewe Amina kimo. Hapa ni- imetamalaki katikati yote. Ajabu ni kwamba, baada ya kuipata nafasi hiyo, humo humo aliurudia utenzi, akamwandikia bintiye Hati na mwanawe Adili. Na yule mimi aliyekuwa akisimama mlangoni kwa Hemedi na Abdul Karim sasa ni baba, amekaa ndani ya nyumba, asemaye na wewe.