Majina ya magonjwa ya akili yatiliwa shaka

WAGONJWA wawili wanaweza kuambiwa na daktari kwamba wanaugua sonona ilhali wanafanana kwa dalili moja pekee. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, DSM, huorodhesha dalili tisa za maradhi hayo. Anayepatikana na tano kwa wiki mbili huhesabiwa kuwa mgonjwa, mradi mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Hivyo asiyepata usingizi na anayelala kutwa kucha huandikiwa jina moja, na mara nyingi dawa ileile.

Mtindo huu ulishika mizizi mwaka 1980, toleo la tatu la DSM lilipotolewa chini ya usimamizi wa Robert Spitzer. Nia ilikuwa njema, kwani awali madaktari waliomwona mgonjwa mmoja walitofautiana mara kwa mara. Lakini kukubaliana juu ya jina si kujua chanzo. Homa nazo ziliwahi kugawanywa kwa siku zinapopanda, hadi Alphonse Laveran alipoona vimelea vya malaria katika damu nchini Algeria mwaka 1880.

Kwa magonjwa ya akili, ushahidi wa aina hiyo ungali unatafutwa. Mwaka 2009 Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani ilianzisha mpango wa RDoC, unaochunguza kazi za ubongo zenyewe: woga, raha, kumbukumbu, uhusiano na watu, usingizi. Mtafiti huchukua, tuseme, woga, akaufuatilia kuanzia jeni na mishipa ya fahamu hadi tabia, awe mgonjwa ana sonona au skizofrenia. Aprili 2013, wiki chache kabla ya toleo la tano la DSM, mkurugenzi wa wakati huo, Thomas Insel, alitangaza kwamba utafiti wa taasisi hiyo ungejitenga na makundi ya mwongozo huo.

Mwaka uo huo, uchunguzi wa jeni za watu zaidi ya 60,000 ulionyesha kuwa usonji, sonona, skizofrenia na maradhi mengine mawili hukutana katika baadhi ya vyanzo vya urithi. Waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya, kasoro isiyo ndogo. Baadaye mradi wa NeuroGAP ulikusanya mate ya wagonjwa na wasio wagonjwa nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini.

Hata hivyo, hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha sonona au skizofrenia. Daktari bado humsikiliza mgonjwa, humhoji jamaa yake, kisha hurejelea mwongozo. Dawa ya kwanza isipofaa, hujaribu ya pili.