Je, PSP yangu itakufa? Historia fupi ya swali la kila mgeni

Umenunua PSP ya mtumba, umesikia kwamba inaweza kuendesha programu ambazo Sony hawakuziidhinisha, na sasa una maswali. Itakufa? Nikijuta, naweza kurudi nilikotoka? Na hili faili nililolipakua, ni lenyewe kweli? Usione aibu. Watu wanauliza hayo tangu 2005, na majibu tuliyonayo leo yamepatikana kwa mashine za watu kuharibika.

Kwanza tuelewane kuhusu programu dhibiti. Ni ile programu inayokaa ndani ya mashine na kuamka kabla hata hujaona menyu. Kwenye PSP ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani tarehe 12 Desemba 2004, ilikaa kwenye chipu ya flashi yenye MB 32. Kama umewahi kumpelekea fundi simu "aiflashi", ni jambo lile lile: unaandika upya kitu ambacho mashine inakihitaji ili iweze kuwaka. Chaji ikiisha katikati ya kuandika, imekula kwako. Ndiyo maana hata sasisho halali la Sony linagoma kuanza kama betri iko chini.

Toleo la 1.00 lilikuwa wazi mno. Liliendesha programu bila kudai saini ya kidijitali ya Sony. Toleo la 1.50, lililokuja na mashine za Marekani Machi 2005, likaufunga mlango huo, lakini kufikia Juni watu walishapata upenyo. Njia ya kwanza inachekesha kidogo. Unakuwa na kadi mbili za kumbukumbu. Mashine inakagua ya kwanza, inaridhika, halafu wewe haraka haraka unaichomoa na kuchomeka ya pili. Haikuchukua muda ikapatikana njia isiyohitaji wepesi wa mikono: mafolda mawili ya jina moja, moja likiongezewa alama ya % mwishoni.

Sasa angalia kitu hapa. Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa ameandika chochote kwenye flashi. Programu ziliishi kwenye kadi. Ukiitoa kadi, PSP yako ni ile ile ya dukani. Mgeni aliyeuliza "ni salama?" angeweza kujibiwa "ndiyo" bila maneno mengi.

Mambo yalibadilika na toleo la 2.00. Lilileta kivinjari cha intaneti, kila mtu akalitaka, na likaziba zile njia za zamani. Septemba 2005 ikagundulika kwamba picha ya aina ya TIFF iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuiyumbisha mashine na kuiendeshea msimbo wa mgeni. Wajanja wakaitumia kushusha toleo: unaidanganya PSP kwamba iko kwenye toleo la chini, kisha unaendesha sasisho halisi la Sony la 1.50, nayo inajisasisha kwenda nyuma. Ni ujanja mzuri, sikatai. Ila sasa flashi inaandikwa, na anayeandika ni wewe uliye chumbani kwako.

Haukupita hata mwezi mzima. Mwanzoni mwa Oktoba 2005 kampuni ya Symantec ilitangaza programu hasidi iliyojifanya ndiyo hiyo ya kushusha toleo. Wakaiita Trojan.PSPBrick. Ilichofanya ni kufuta mafaili machache ambayo PSP haiwezi kuwaka bila hayo, basi. Haikuiba nywila wala pesa. Ukizima mashine, haiwaki tena. Mwezi huo huo ikatokea nyingine ya aina hiyo kwa Nintendo DS. Kwa maoni yangu hapa ndipo swali la tatu, lile la faili limetoka wapi, lilipokuwa zito kuliko mengine yote: mashine haikuuawa na kosa la kiufundi, iliuawa na mtu aliyejua kwamba wageni wana haraka na hawakagui.

Mwaka 2006 mtu anayejulikana kwa jina la Dark_AleX akaanza kutoa programu dhibiti kamili za mtaani: toleo jipya la Sony, lakini lililorekebishwa likubali programu za kila mtu. (Kuendesha programu uliyoandika mwenyewe si sawa na kupakua magemu usiyoyalipia, ingawa mlango ni huo huo.) Ziliwekewa menyu ya uokoaji: shikilia kitufe cha R unapowasha, unaweza kurekebisha ulichoharibu. Lakini kama flashi imeharibika kiasi cha kutofika kwenye menyu hiyo, ulikuwa huna pa kwenda.

Hadi Agosti 2007. Iligundulika kwamba mafundi wa Sony walikuwa na betri maalumu. Kila betri ya PSP ina chipu ndogo yenye namba yake; PSP ikikuta namba hiyo ni FFFFFFFF, haisomi flashi kabisa, inawaka moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu. Betri hiyo ikabatizwa Pandora. Ghafla PSP zilizokuwa zimetupwa kwenye droo zikafufuka. Wengine walitengeneza Pandora kwa kufungua betri na kukata mguu mmoja wa chipu, jambo ambalo sikushauri: betri ya lithiamu ukiitoboa inawaka moto, na hakuna menyu ya uokoaji ya vidole. Sony walijibu kwa kubadilisha bodi. Kuanzia ile iitwayo TA-088v3, mwaka 2008, Pandora ya kawaida haifanyi kazi, kwa hiyo ujue bodi yako kabla ya kufuata maelekezo ya mtu.

Ukirukia Aprili 2018 utakuta Nintendo Switch kwenye hali inayofanana. Kosa lilitangazwa kwenye msimbo wa kwanza kabisa wa chipu yake ya Tegra X1, msimbo uliochomwa kiwandani, hivyo kwa mashine zilizokwisha kuuzwa hakuna sasisho la kuliziba. Unautuma msimbo wako kwa waya wa USB, unakaa kwenye RAM tu. Ukizima mashine, umepotea. Watumiaji wakaenda mbali zaidi: wanakopi kumbukumbu yote ya ndani kwenye kadi ya SD na kufanyia majaribio yao humo, kumbukumbu halisi ikibaki haijaguswa. Ni kama wamerudi kwenye zile kadi mbili za 2005. Nintendo bado wanaweza kuifungia mashine yako isiingie kwenye huduma zao za mtandaoni, na hilo nakala haikuokoi. Na nakala ya Switch ya rafiki yako haitakusaidia, kwa sababu kila mashine ina funguo zake. Tengeneza ya kwako kabla ya kugusa chochote, kisha ihamishie kwenye kompyuta, maana kadi ya SD nayo hufa.