Mji wa Unguja na Kiswahili cha Vitabuni

Ndugu wanakisomo wa Tarime na Serengeti, fungeni vitabu kwanza, msikilize.

Mara nyingi mtu wa huku kwetu huandika "kura" akitaka kuandika "kula", na mwalimu humsahihisha. Basi huuliza, "Ni nani aliyeamua kwamba hili ni sawa na lile ni kosa?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake tutalitafuta mbali, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Unguja.

Mji huo ulikuwa na elimu kabla ya kuwapo shule za Serikali. Elimu yenyewe ilikuwa misikitini na majumbani. Katika mtaa wa Ukutani alisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Mwenzake, Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Wanafunzi waliwajia kutoka sehemu nyingi za pwani. Sasa sikilizeni jinsi darasa lilivyokwenda: kitabu cha Kiarabu husomwa kidogo kidogo, kisha sheikh hukieleza kwa Kiswahili. Mambo ya mirathi, ya ndoa na ya biashara, yote yalielezwa kwa Kiswahili. Lugha inayobebeshwa mizigo mizito namna hiyo kila siku hupata nguvu.

Lakini tusiusifu mji huo kupita kiasi. Utajiri wake ulitokana na karafuu na biashara ya watumwa, na mashambani waliofanya kazi walikuwa watumwa, wengi wao watu wa bara kama sisi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na pale pale Wamisioni Waingereza wakajenga kanisa kuu. Mmoja wao, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864. Alijifunza maneno ya mjini, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupiga chapa. Kwa hiyo baadhi ya kurasa za zamani za Kiswahili zilichapwa na mikono iliyokuwa imefungwa kamba.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa ili kuchagua Kiswahili kimoja cha shule za Afrika Mashariki. Je, kiwe Kimvita, yaani cha Mombasa, au Kiunguja? Kimvita kilikuwa na heshima kubwa. Muyaka bin Haji alikuwa amekitungia mashairi kabla Steere hajafika. Hata hivyo Kiunguja kilishinda, kwa kuwa misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukieneza bara, mpaka Tabora na Ujiji. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi, na vitabu vya shule vikapita mikononi mwake. Mtoto wa Mombasa aliyesema "nti" na "mato" nyumbani ikampasa kuandika "nchi" na "macho". Mnaona? Aliyesahihishwa si mtu wa Tarime peke yake! Mimi naona uamuzi ule ulikuwa na faida, ila wenye lugha waliulizwa kidogo mno.

Mwaka huo huo wa 1928, mwanamke wa Unguja alipanda meli kwenda Bombay. Huyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu. Hakupata kwenda shule. Huko Bombay aliimba kwa Kiswahili, na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Sahani zile zilisikika hata kwa watu wasiojua herufi moja. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake. Kwa maoni yangu, Siti aliifanyia lugha hii kazi kubwa kuliko wajumbe wengi wa mkutano ule.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni maneno manne: kula, kura, nchi, macho. Yanakilini daftarini. Kisha kila mmoja awaambie wenzake maneno hayo husemwaje nyumbani kwake, kwa Kikurya, Kiikoma, Kinata, Kingoreme au lugha nyingine. Kwaherini mpaka wiki ijayo.