Kihisi cha mkao wa throto: maana, matumizi na makosa ya tafsiri

Kihisi cha mkao wa throto (nomino, ngeli ya KI-VI, wingi: *vihisi vya mkao wa throto*)

Maana. Kifaa kidogo kilichounganishwa na throto ya injini ili kuiarifu kompyuta ya gari jinsi throto ilivyofunguka. Throto yenyewe ni bamba la mviringo lililomo katika njia ya hewa iingiayo kwenye injini ya petroli. Dereva akikanyaga pedeli, bamba hugeuka na kupitisha hewa nyingi zaidi. Akiiachia, hurudi na kuibana hewa hiyo.

Kihisi au sensa? Fundi wa gereji husema *sensa*, na wateja wake humwelewa kwa kuwa muktadha unajitosheleza. Katika maandishi, hata hivyo, neno hilo lina mwenyewe: sensa ni hesabu ya watu, kama Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. *Kihisi* limetokana na kitenzi *hisi*, nalo halina mshindani.

Mkao au nafasi? *Nafasi* hubeba maana nyingi: uwazi, fursa, wasaa, cheo. Asomaye "kihisi cha nafasi ya throto" aweza kudhani kuwa kifaa hicho hutafuta mahali throto ilipo. Throto haihami; hugeuka papo hapo ilipofungwa. Kinachopimwa ni jinsi ilivyokaa, na hiyo ndiyo maana ya *mkao*.

Kwa nini si "kikaba"? Kitenzi *kaba* kinavutia, kwa kuwa throto huibana hewa. Lakini magari ya zamani yenye kabureta yalikuwa na choki, ambayo nayo hubana hewa. Istilahi moja ingebeba vipuri viwili.

Kukanyaga mafuta. Usemi huu umekwisha kuzoeleka na hauna haja ya kusahihishwa katika mazungumzo. Mfasiri wa mwongozo wa ufundi ajihadhari tu: katika injini ya petroli, bamba la throto hufungua hewa, si mafuta. Kompyuta ndiyo ikadiriayo petroli ya kunyunyizwa, kwa kutegemea taarifa za vihisi. Ndiyo maana kihisi hiki kikitoa taarifa potofu, gari husita linapoongezewa mwendo, hushtukashtuka, au huzimika linaposimama.

Kosa linalogharimu fedha. Kosa kubwa zaidi katika tafsiri za eneo hili ni kudondosha neno *saketi*. Kompyuta ya gari inapowasha taa ya injini, huhifadhi msimbo wa hitilafu. Msimbo P0122 husema kwamba ishara ya saketi ya kihisi hiki iko chini kupita kiasi. P0123 husema kwamba iko juu kupita kiasi. Wafasiri wengi huandika kwa mkato: "kihisi cha throto ni kibovu". Hapo dalili imegeuzwa kuwa hukumu. Saketi ni njia nzima ya umeme: kihisi, plagi yake, nyaya, na kompyuta yenyewe. Waya uliokatika huweza kuleta msimbo uleule, na msomaji wa tafsiri hiyo atanunua kihisi kipya, akifunge, kisha taa iwake tena.

Hatua za uchunguzi na lugha yake. Kihisi cha kawaida cha aina ya zamani kina nyaya tatu: wa kuleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa ardhi, na wa ishara. Maelekezo yaliyo wazi yanaweza kuandikwa hivi:

1. *Soma* msimbo, kisha *kagua* plagi na nyaya kwa macho: kutu, unyevu, waya uliochubuka.
2. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Kwa multimita, *pima* kama volti 5 zinafika na kama waya wa ardhi ni mzima. Volti 5 zisipofika, ishara hushuka; ardhi ikikatika, hupanda. Katika hali zote mbili, kihisi chaweza kuwa kizima.
3. *Pima* ishara huku throto ikifunguliwa polepole. Kwa kawaida huanzia kati ya volti 0.5 na 1 throto ikiwa imefungwa, na kupanda hadi takriban 4.5 ikiwa wazi kabisa. Kipimo halisi hutegemea aina ya gari.
4. Ishara ikipanda bila kukatika, kihisi kinafanya kazi. Ikiruka au kutoweka ghafla ilhali nyaya ni nzima, hapo ndipo *unapobaini* kuwa kihisi kimeharibika.

Zingatia vitenzi vilivyotumika. *Kukagua* ni kutazama, *kupima* ni kupata kiasi, na *kubaini* ni kufikia uamuzi baada ya ushahidi. Kuvichanganya ni kumruhusu msomaji aruke hatua. Katika magari ambayo throto huendeshwa kwa mota, kihisi hutoa ishara mbili ili kompyuta izilinganishe, hivyo vipimo hufuata mwongozo wa gari husika.

Mifano ya tafsiri

Isiyofaa: *P0122: Kihisi cha throto ni kibovu. Badilisha.*

Inayofaa: *P0122: Ishara ya saketi ya kihisi cha mkao wa throto iko chini. Kagua plagi na nyaya, kisha pima kihisi kabla ya kukibadilisha.*

Mfano wa pili ni mrefu zaidi, nami huwaambia wanafunzi wangu wasiuonee haya urefu huo. Neno moja lililobakizwa katika sentensi laweza kumwokolea mwenye gari bei ya kipuri asichokihitaji.