Mganda na Swali la Nani Msanii

Katika Kiswahili, ngoma hupigwa, huchezwa na pia huendewa. Neno moja limebeba chombo, mwendo wa mwili na mkusanyiko wa watu. Je, katika mkusanyiko huo, ni nini kimfanyacho mmoja awe msanii wa maonyesho? Mganda, ngoma ya wanaume wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, inatupa jibu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika ziwani humo mapema. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia ile ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli. Vita vilipokwisha mwaka 1918, askari walirudi vijijini na gwaride miilini mwao. Gwaride hilo, pamoja na beni iliyoenea kutoka pwani, ndivyo vilivyozaa mganda: safu zilizonyooka, kaptura nyeupe, soksi ndefu, ngoma kubwa, na vibuyu vyenye utando vinavyoigeuza sauti ya mwimbaji ivume kama tarumbeta. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, ngoma ya ukoo huohuo huitwa malipenga, yaani matarumbeta.

Je, huo si uigaji wa mkoloni? Swali hili si dogo. Tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi walizijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Kwa kipimo cha asili peke yake, ngoma yenye kaptura na soksi ingepata kiti gani?

Kwa maoni yangu, kipimo kiwe kingine. Askari huinua mguu kwa kuamriwa; akikosea, huadhibiwa. Mcheza mganda huinua mguu uleule kwa hiari na kwa madaha, mbele ya wenzi wanaoijua ngoma na wapinzani wanaongoja ateleze. Amri imegeuka kanuni, na kanuni imegeuka pambo.

Washairi tunalifahamu jambo hili. Vina na mizani havimfanyi mtu mshairi kwa kuvitii tu, wala havimnyimi ushairi kwa kuwa alivikuta. Neno sanaa lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ustadi wa kutengeneza kitu. Mcheza mganda hakulibuni gwaride. Alilitwaa kwa waliomwamuru, akalitengeneza upya, na kijiji kikaja kutazama.